Mkono Uliofunga Dirisha

Malaba, nyuma ya yadi ya malori,
Tarehe 9, mwezi wa kumi na moja.

Kwa shemeji yangu Okwakol, hapo Burumba, Busia, kwa nyumba ya mtoto wako Levis,

Yoga noi, shemeji. Natumaini hii barua itakupata ukiwa umeketi, maana ukiisoma umesimama utaanguka, na nasikia sasa uko na goti moja ya chuma. Pole sana. Mimi nilipoambiwa nilifurahi, lakini si kwa ubaya. Nilifurahi kwa sababu sasa ukitembea tutakusikia ukiwa bado mbali. Habari ya Levis na bibi yake wanaokulisha? Habari ya sukari? Na ile mwanya kati ya meno yako ya mbele, bado iko? Ilinde, tafadhali, usiende kuweka jino ya bandia. Nitairudia hiyo mwanya huku chini.

Mimi niko mzima kabisa. Mvua imenyesha vizuri, mihogo imekubali, malori bado yamepanga foleni mpaka wanakojua wenyewe, na madereva bado wanakojolea ukuta yangu. Chungu yetu ya ajono, ile pombe ya wimbi, bado inakaa kila Jumapili baada ya kanisa, kwa boma ya Willis. Mirija yote iko, isipokuwa yako. Yako imechomekwa kwa paa ya jikoni na moshi imeifanya nyeusi kama wewe.

Najua umeshageuza hii karatasi nyuma na mbele ukitafuta ni nani ameniandikia. Umesema ni Roselida. Roselida hajaandika kitu, yeye ameibeba tu katikati ya samaki yake ya omena, ndio maana inanuka. Wacha haraka, utamjua mwandishi.

Nimesikia pia ulivyokuwa ukisema hapo Burumba, ati Alinga hajaenda Ulaya, amejificha Tororo miezi tatu kwa mwanamke. Shemeji, asante. Kwa umri yangu ya miaka sabini na moja, kusingiziwa mwanamke ya miezi tatu ni heshima. Lakini nilienda. Binti yangu Benedetta, mpwa wako, anafanya kazi huko Italia, anaosha wazee wa Kizungu na kuwalisha, na alinitumia tikiti. Kule Nairobi kwa viza mama mmoja wa miwani aliniuliza, mzee, unaenda kufanya nini? Nikamwambia naenda kuona daraja moja. Akaniuliza kama Kenya haina madaraja. Nikamwambia iko, lakini hakuna hata moja iliyonikosea.

Hiyo daraja unaijua. Usijifanye umesahau. Wacha nikukumbushe polepole, nione kama utatoka jasho.

Mwaka wa tisini na mbili, wewe ulikuwa na shati nyeupe na kalamu mfukoni, unajazia madereva karatasi zao za mpaka. Mimi sikuwa na kalamu. Mimi nilikuwa mdomo ya sinema. Ile nyumba ya vidio ya mabati pale karibu na maegesho, nani alikuwa anaijaza? Si skrini, skrini ilikuwa ndogo kama sufuria. Ni mimi, Callistus Alinga, nikisimama kando na fimbo, nikiwaambia watu kwa Kiswahili na Kiteso huyu anasema nini na yule anamjibu nini. Sikuwa nimeenda shule hata siku moja, na Mchina nilimtafsiri, Mhindi nilimtafsiri, hata farasi akilia nilisema amesema nini. Madereva walikuwa wanakataa kuvuka mpaka hadi nimalize kwanza. Malori ya Rwanda, ya Kongo, yote yamezima injini yakingoja mdomo yangu. Nani mwingine hapa Malaba amewahi kusimamisha mizigo ya nchi tatu na mate yake?

Halafu wale Waitaliano waliokuwa wanajenga barabara wakaenda kwao wakaacha boksi ya kaseti. Kaseti ishirini na sita, hadithi moja. Mji ya mawe, daraja ya mawe, na mwanamke kwa dirisha. Kila kaseti mwanaume mmoja wa kofia anavuka daraja na sanduku, anasimama chini ya dirisha, anaita. Na kila kaseti mkono inatoka, inafunga dirisha. Basi. Kijiji kinaendelea na mambo yake, watu wanapigana, wanaoana, wanazikana, lakini mwisho ni hiyo tu, mkono na dirisha. Nikawaambia watu huyo mwanaume ni bwana yake, alienda vita akakaa miaka kumi, amerudi, na bibi amekasirika. Kaseti moja kila Jumapili saa nane. Miezi sita. Wamama walikuwa wanalia. Dada yako Asekenye alikuwa anauza njugu hapo mlangoni, akaacha kuuza akawa anaingia. Akawa ananiuliza nje, aki Alinga, atafungua lini? Mimi namwambia, ngoja. Hivyo ndivyo nilimpata, shemeji. Si kwa ng'ombe wangu, ng'ombe walikuja baadaye. Nilimpata kwa dirisha.

Jumapili ya kaseti ya mwisho nyumba ilijaa mpaka wengine wakapanda juu ya mabati. Mwanaume amevuka daraja. Amesimama. Ameita. Na wewe ukasimama na shati yako nyeupe, na karatasi ya boksi mkononi, ile uliniibia ukaificha wiki mbili nzima ukingoja hiyo siku. Ukasema nyuma ya boksi kuna Kiingereza, na wewe umesoma, na imeandikwa wazi kwamba yule si bwana yake. Ni mtoto wake. Yule mwanamke ni mama yake mzazi. Ukasema, watu wa Malaba, huyu Alinga asiyejua hata jina yake ikiandikwa, amewaozesha mtu na mama yake miezi sita, na nyinyi mkalia machozi mkitaka warudiane kitandani.

Unakumbuka ile kelele? Mimi naikumbuka. Wazee walitema mate chini. Mama mmoja alifunika mtoto uso. Halafu mtu akacheka, na hiyo ndio iliniua, kwa sababu wote wakacheka. Wakasukumana, mashine ikaanguka, mkanda ikatoka ndani ya kaseti kama matumbo ya kuku, na watu wakaikanyaga. Karatasi ya boksi ikapotea hapo hapo. Kwa hivyo hakuna mtu alijua mwisho, kama alifungua ama hakufungua. Na mimi nikapewa jina: Kaseti.

Miaka thelathini na zaidi, shemeji. Kaseti. Watoto wangu shuleni, watoto wa Kaseti. Na wewe ukaongeza chumvi yako. Ulianza hapo kwa chungu, ukiwa mwenyekiti, kila nikifungua mdomo kusema kitu, wewe unatoa mrija, unapitisha hewa kwa ile mwanya ya meno, shrrrrr, kama mkanda ikirudishwa nyuma. Watu wakaanza kufanya vile vile. Nikisema mvua itanyesha, shrrrrr. Nikisema nimeona lori imepinduka Amagoro, shrrrrr. Siku ile nilisema nyumba ya Willis inaungua, walirudisha mkanda kwanza, halafu ndio wakaona moshi. Mimi nilicheka pamoja nanyi. Wewe unajua mimi ni mtu wa kucheka.

Lakini siku tulimzika Asekenye sikucheka. Miaka tatu sasa. Nilisimama pale kando ya shimo kusema maneno yangu ya bwana, kama kila bwana anavyopewa nafasi. Nikasema, siku ya kwanza nilimwona alikuwa na beseni ya njugu. Hapo tu. Ndio nilikuwa nimeanza. Na kutoka huko nyuma, kwa viti za ukoo yenu, nikasikia. Shrrrrr. Kidogo, kama mtu anajisahau. Watu waliingiza nyuso kwa vitambaa, na si kwa kulia. Nikakaa chini. Dada yako alizikwa bila neno ya bwana yake. Ulisema baadaye si wewe. Shemeji, kuna meno ngapi Malaba yenye mwanya ya kupitisha hiyo sauti?

Asekenye alinisumbua na hiyo dirisha mpaka mwisho. Hata kwa kitanda ya hospitali, akiwa na mipira kwa pua, aliniuliza tena, na wewe hukujua kama alifungua? Nikamwambia sijui, ndugu yako alivunja kaseti. Akasema, basi ukipata nafasi uende uulize. Alikuwa anatania. Mimi sikutania.

Sasa ndio nakuletea Italia. Benedetta aliitafuta hiyo mji kwa simu akaipata, akasema atanipeleka, lakini wazee wake wa kuosha hawakumpa siku. Nikasema naenda peke yangu. Akalia, akaniandikia karatasi kubwa, mimi ni Callistus, nashuka wapi, nampigia nani, akaibandika ndani ya koti. Nilipanda treni tatu, shemeji, peke yangu. Treni zao zinaingia ndani ya mlima upande huu zinatokea ule kama panya kwa ukuta. Mwenye kukagua tikiti alinipigia saluti. Sawa, labda alikuwa anajikuna, lakini mkono ilienda juu.

Na kumbe si mimi peke yangu mwenye wazimu. Huko kuna wazee wa Kizungu wanatoka kwao, kila mtu peke yake na kofia na chupa ya maji, wanazunguka Ulaya kuangalia mahali sinema zilichezewa. Hapa mlango ya sinema fulani, hapa ngazi ya sinema ingine. Wanasimama, wanaangalia mlango imefungwa, wanapiga picha, wanaenda. Wewe mtu wa umri yako ukifanya hivyo Busia, Levis atakufungia ndani. Niliwapenda sana. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani.

Mji yenyewe iko juu ya mlima, jina yake ina herufi nyingi kuliko watu. Nilipokata kona nikaona daraja, nikaweka begi chini. Ni ndogo, shemeji. Kwa skrini ilikuwa kama ya kupita treni, kumbe mbuzi sita zikipita pamoja moja inaanguka mtoni. Wameweka ubao hapo na picha ya mwanaume wa kofia. Kulikuwa na kikundi ya wazee wa kusafiri kama ishirini, na dada wa mwavuli nyekundu anawaeleza. Mimi nikavaa kofia yangu, nikashika begi yangu, nikavuka. Nikasimama chini ya ile dirisha, na nikaita kama yeye alivyokuwa anaita. Halafu mdomo yangu ikafunguka yenyewe. Nikaanza kaseti ya kwanza, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwaka wa tisini na mbili. Dada wa mwavuli akanyamaza. Wale wazee wakaacha picha. Mzungu mmoja mwenye fimbo alilia, na hakujua hata neno moja. Walinipigia makofi mpaka njiwa zikaruka. Hakuna mtu, hata mmoja, aliyerudisha mkanda.

Na juu, dirisha ikafunguka. Mama mzee akachungulia, nywele nyeupe, akanitazama, akasema kitu ya ukali, akatoa mkono, akafunga.

Okwakol, mimi ile mkono niliitafsiri miezi sita. Kidole ya mwisho imepinda kama ndoano. Ningeijua hata ikitokea chini ya lori.

Nilibisha. Akafungua mlango akiwa na mwiko. Nikamwonyesha kidole yake iliyopinda, nikamwonyesha dirisha, nikafanya hivi, kufunga. Akaitazama kidole yake mwenyewe. Akanivuta ndani, akanikalisha, akaniwekea supu ya maharagwe na mkate mgumu kama tofali. Benedetta alikuwa ameniwekea kwa simu ile kitu ya kutafsiri, mtu anaongea simu inasema kwa Kiswahili. Lakini ni Kiswahili ya Mombasa, imevaa kanzu, inasema tafadhali mheshimiwa mpaka unaona aibu kula. Huyo mama anaitwa Ermelinda, ana miaka themanini na nne. Nyumba ni yake. Waliocheza sinema walikuja wakati wa baridi, na yule mwanamke mwenye kucheza alikuwa anaogopa baridi, hakutaka kutoa mkono nje. Basi wakatumia mkono ya mwenye nyumba. Kaseti zote ishirini na sita, uso ya yule, mkono ya huyu. Akaniambia mimi ni mtu wa kwanza kuja kuutafuta mkono. Wengine wote wanatafuta uso.

Nikamweleza habari ya Malaba. Nikamweleza habari yako. Alikuuliza uko na meno ngapi. Halafu nikamwuliza yale nilitoka huku kuuliza, yule mwanaume ni nani kwake, na kaseti ya mwisho alifungua ama hakufungua. Akanieleza yote kwa marefu, akicheka, akionyesha daraja kwa kile kidole. Nilimrekodi na simu, uso na sauti.

Nilirudi mwezi wa nane. Jumapili ya kwanza nikaenda kwa chungu nimevaa ile koti. Wakaanza kama kawaida, nikasema nimetoka Italia, shrrrrr. Nikaweka simu juu ya kiti, nikaifungua. Wakaona mama wa Kizungu, dirisha, daraja. Wale wa zamani waliijua ile daraja hapo hapo. Willis akaacha mrija. Nikamwambia, angalia mkono. Akaangalia. Akasema, mama yangu, ni ile. Akaniomba nirudie. Chungu yote ikainama juu ya simu kama kuku kwa maji.

Kijana mmoja wa bodaboda akasema simu inaweza kutafsiri yenyewe. Willis akamfukuza na mrija. Akasema, mdomo ya Alinga iko hapa, simu ya nini? Shemeji, nilingoja hayo maneno miaka thelathini.

Nikasimama. Nikawatafsiria. Nikawaambia mama anasema hivi: yule mwanaume wa kofia alikuwa bwana yake, bwana wa ndoa ya kanisa. Anasema hajawahi kusikia mtu aliyesema ni mtoto, na kama yuko, huyo mtu kichwa yake ni mtungi imekauka, achunguzwe kama boksi aliisoma juu ama chini. Anasema mtu anayesimama katikati ya hadithi ya mwenzake ni kama mtu anayekojolea chungu. Willis akauliza mbona anasema mama, mama, kila mara. Nikamwuliza na wewe bibi yako unamwita nani? Akasema, mama. Basi.

Ungekuwepo. Willis akasema polepole, kumbe Okwakol alitudanganya. Mwingine akasema, na Kiingereza yake yote. Mwingine akakumbuka ile karatasi ya mpaka ulimjazia vibaya, lori ikakaa wiki mbili. Mwingine akakumbuka barua ya chifu uliyomsomea. Kila mtu akatoa yake. Walikuchambua kama samaki, shemeji, mpaka mfupa. Halafu mtu akataja jina yako, na Willis, Willis rafiki yako, akakunja midomo. Shrrrrr. Chungu yote ikaitikia. Mpaka wamama jikoni. Siku hiyo hiyo walichagua mwenyekiti mwingine, na sitakuambia ni nani kwa sababu mimi si mtu wa kujisifu. Mrija yako ndio ikaenda kwa paa. Hakuna anayeniita Kaseti tena. Hiyo jina iko bure, na nasikia imeshapata mtu, ana goti ya chuma.

Sasa vuta kiti karibu, nikuambie kitu, wewe peke yako.

Ulikuwa sawa.

Ni mtoto wake. Ermelinda aliniambia hivyo mara tatu, na ile simu ya kanzu ikarudia, mheshimiwa, yule ni mwana wake wa kumzaa. Alitoroka nyumbani bila kumuaga baba yake aliyekuwa anakufa, akarudi baada ya miaka kumi. Nilikaa hapo na supu ikapoa. Nimeozesha mtu na mama yake miezi sita, kama ulivyosema. Ile Jumapili ulisimama ukasema ukweli. Na mimi juzi nilisimama mbele ya chungu nikasema uongo, nikijua, na nitakufa nao, na nimelala vizuri kila siku tangu hapo.

Asekenye yeye nilimwambia ukweli. Kabla ya chungu, kabla hata ya kufungua begi, nilienda nikakaa kando ya kaburi yake na njugu, nikamalizia maneno ambayo ulinikata. Nikamwambia, mama Benedetta, tulikosea, ni mtoto. Na nikamwambia mwisho. Kaseti ya mwisho alifungua. Alifungua dirisha, akamtukana. Akamtukana kaseti nzima, kila kitu kuanzia siku alipoondoka, na yeye amesimama tu chini na sanduku. Alipochoka kabisa, alipokosa hata tusi moja, akamwambia ingia, chakula inapoa. Ikaisha.

Dada yako angependa sana.

Sasa najua unachofikiria. Umekamata hii karatasi kwa nguvu, unasema, nimempata, ameandika mwenyewe kwamba mimi nilikuwa sawa, naenda Malaba kesho na goti yangu, naisoma mbele ya wote. Nenda, shemeji. Willis atakuuliza nani ameiandika. Utasema Alinga. Na hapo watacheka mpaka wamwage ajono. Alinga? Alinga wa kidole gumba? Alinga uliyemtangaza wewe mwenyewe mbele ya watu kwamba hajui hata jina yake ikiandikwa? Watasema umejiandikia mwenyewe, wewe mwenye kalamu.

Lakini ni mimi. Hii mkono ni yangu. Benedetta alinifundisha kwa meza ya jikoni, kila siku akitoka kazini, miezi tatu. Haikuwa ngumu vile mlinitisha. Herufi zote nilizijua kitambo kwa namba za malori, K ya Kenya, U ya Uganda, R ya Rwanda, miaka arobaini zinapita mbele ya macho yangu. Nilikuwa tu sijui kwamba zikisimama pamoja zinaongea. Neno ya kwanza niliandika ni Asekenye. Ya pili ni Okwakol, nikaikata na mstari. Hii barua imenichukua wiki saba, nimefunga mlango, na hapa Malaba hakuna hata mtu mmoja anajua. Kwa ofisi ya chifu bado naweka kidole. Nitaweka kidole mpaka nife. Wewe ndio mtu pekee mwenye kusoma mwandiko yangu, na wewe ndio hutaaminiwa.

Tarehe kumi na tatu mwezi wa kumi na mbili tunafanya kumbukumbu ya Asekenye hapa nyumbani. Misa saa nne, na baadaye maneno. Wewe ndio ndugu yake wa pekee aliyebaki, lazima useme. Utasimama kando ya kaburi, utaweka uzito yako kwa ile mguu mzima, utasema, dada yangu alikuwa. Halafu utaisikia, kutoka huko nyuma. Mimi sitafanya sauti hiyo. Nitakuwa nimekaa kwa kiti ya mbele, kiti ya bwana, nikikutazama. Ningeweza kuinua mkono nikawanyamazisha, maana siku hizi nikiinua mkono wananyamaza. Bado sijaamua. Nataka usafiri kutoka Burumba mpaka hapa ukiwa hujui.

Benedetta anakusalimia, anauliza kama unakunywa dawa ya sukari. Ermelinda anakusalimia pia. Nisalimie Levis na bibi yake na watoto. Mwambie Levis akubebe na gari mpaka kwa mlango, usitembee kwenye hii mawe na hiyo chuma. Mrija yako nitaishusha kwa paa niikwangue moshi.

Chakula ni saa saba. Usichelewe, itapoa.

Mimi shemeji yako, kwa mkono yangu mwenyewe,

CALLISTUS ALINGA